Mpira Haujachelewa Shule

Kwa miaka thelathini na miwili Mwalimu Rula aliwaamuru watoto wa watu wakae wima, na katika miaka yote hiyo haikumjia hata siku moja kwamba mgongo ni kitu kinachoweza kumjibu mtu. Ulimjibu Jumamosi moja asubuhi, kwenye shimo la tisa, mbele ya mkwe wake, na jibu lenyewe lilikuwa fupi: ka!

Alikuwa ameinua fimbo ya gofu, akaishusha kwa ghadhabu yake ya kawaida, mpira ukaruka upande na kutumbukia mtaroni, naye akabaki pale pale ameinama, mkono mmoja kiunoni, kama mtu aliyepoteza sindano majanini.

"Mkwe," aliita Kilo, akiwa ameegemea fimbo yake kwa raha zote, "umedondosha kitu?"

"Sijadondosha kitu. Nimesimama."

"Umesimama? Basi mimi nimelala."

Rula halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Wanafunzi ndio waliomwita hivyo, kwa siri, kwa kuwa alitembea kama aliyemeza rula. Naye alipoligundua jina hilo siku ya kustaafu, limeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo, alitafakari kidogo akaona ni sifa. Kilo naye alikuwa muuza nyama mstaafu, mnene, mwepesi wa kucheka, na jina lake lilitokana na mizani ya duka lake, ambayo kwa miaka mingi ilimhurumia muuzaji kuliko mnunuzi. Binti wa Rula aliolewa na mwana wa Kilo. Kwa ndoa hiyo mwalimu aliyechukia uvivu akaunganishwa na mtu aliyekula kifungua kinywa mara mbili, na wote wawili wakapata mjukuu mmoja tu, msichana wa miaka saba.

Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Kila mwaka shule zikifungwa kwa likizo ndefu, wiki sita kamili, wazazi wa mtoto huwa kazini, na mtoto hana budi kwenda kwa babu. Babu yupi? Baada ya kelele nyingi mama mtoto alisema, "Nyie wazee amueni wenyewe, mimi nimechoka." Wakaamua kwa gofu. Mwalimu Rula aliandika masharti kwa mwandiko wake wa kulala uliofundishwa zamani za wino na kalamu ya kuchovya: mashimo kumi na nane, kwa miguu, na asiyeweza kumaliza ahesabiwe ameshindwa, awe mgonjwa awe mzima. Wakatia saini wote wawili.

Kilo alishinda mwaka wa kwanza. Akashinda wa pili. Mtoto alirudi kutoka kwake akijua kupiga mluzi kwa vidole viwili, kulala hadi jua liwe utosini, na kumtajia mgeni yeyote aliyeketi mezani ni sehemu gani ya ng'ombe anayoitafuna. Nyumbani kwa Mwalimu Rula, katika chumba cha mwisho, kulikuwa na kitanda kidogo ambacho shuka lake halikuwa limekunjuliwa na mtoto kwa miaka miwili. Sasa mechi ya tatu ilikuwa wiki nne mbele, na mwenye fimbo alikuwa hawezi kufunga kamba za viatu.

Mkewe alimpokea mlangoni, akamtazama kuanzia kisogoni.

"Mzee, mbona unaingia nyumbani umeinama? Unaomba radhi?"

"Siombi radhi."

"Najua. Mwaka wa arobaini na moja huu nasubiri."

Alimkalisha, akamchua kwa dawa yenye harufu ya kumfukuza hata mwizi, huku yeye akitazama ukuta bila kuguna, maana kuguna aliona ni utovu wa nidhamu. Mwisho mkewe akafunga kopo kwa kishindo.

"Nyuma ya posta kuna tabibu wa mgongo. Anawatibu wacheza gofu. Wenyewe kazi hiyo wanaiita kairopraktiki. Hakupi vidonge wala hakupasui, anakunyoosha kwa mikono tu."

"Mgongo ni suala la nidhamu."

"Basi upeleke kwa mwalimu wake! Mimi mjukuu wangu namtaka. Kitanda kile nimekitandika miaka miwili, analala paka."

Akaenda.

Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vinne vyeupe, ndoo ya miavuli, ambamo alitumbukiza wake, na mifupa ya mtu mzima, ya plastiki, iliyotundikwa pembeni kwa ndoano. Mwalimu Rula aliitazama mifupa ile kwa heshima; ndiyo pekee mle ndani iliyosimama inavyopasa. Alipewa fomu. Palipoulizwa maumivu yake ni ya kiwango gani kuanzia moja hadi kumi, aliandika: *Yanavumilika.* Kisha, kwa kuwa mkono uliozoea hauachi, akachomoa kalamu nyekundu mfukoni mwa shati akasahihisha makosa matatu ya tahajia, akaipa fomu alama kumi na nne kwa ishirini.

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Akatokea mwanamume wa makamo, mrefu, aliyevaa koti jeupe na kunyooka kama nguzo ya bendera.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Tunafahamiana?"

"Darasa la sita, dawati la mwisho, karibu na dirisha. Ulikuwa unaniita Alama ya Kuuliza."

Mwalimu Rula aliutazama mlango wa kutokea. Ulikuwa hatua tano tu, lakini mgongo wake ulimjulisha kwamba hatua tano ni safari. Alimkumbuka sana. Mtoto aliyekaa amepinda upande mmoja, mvua ije jua liwake. Kila jioni ya Ijumaa, viboko vitatu kwa sababu ya kukaa vibaya.

"Umenyooka," alisema hatimaye.

"Tutazungumza. Ingia ndani, panda kitandani, lala kifudifudi, uso uingie kwenye hili tundu."

"Tundu la nini?"

"Mwalimu, maswali mwishoni."

Maneno hayo yalikuwa yake mwenyewe, ya miaka thelathini na miwili, na kuyasikia yakirudi kulimfanya atii kabla hajakusudia. Alilala. Kupitia tundu aliona sakafu, na viatu vya tabibu vilivyong'arishwa vizuri, akajifariji kwamba angalau hilo lilimwingia. Vidole viwili vilishuka kwenye uti wake, pingili baada ya pingili, polepole, kama mtu anayetafuta ukurasa.

"Legea, Mwalimu."

"Nimelegea."

"Hapa umelegea kama mlango wa ofisi siku ya sikukuu. Legea."

"Sijawahi kulegea maishani mwangu."

"Naona. Vuta pumzi. Toa yote."

Ka!

"Umenivunja!"

"Nimekufungua. Geuka upande."

Ka! Ka! Mwalimu Rula alisikia mifupa yake ikiitikia mahudhurio mmoja baada ya mwingine, na alipoketi aligundua kwa mshangao kwamba anaweza kuziona soksi zake. Lakini tabibu hakuonekana kuridhika.

"Nyonga zako zimekaza, na mgongo wa juu hauzunguki hata kidogo. Ndiyo maana mzigo wote unaubeba uti wa chini. Chukua mwavuli wako pale kwenye ndoo, nionyeshe unavyopiga mpira."

Mwalimu Rula alishika mwavuli. Akakaza kiwiko, akauinua ghafla, akaushusha kwa nguvu zake zote na kuusimamisha papo hapo, pale ambapo mpira ungekuwa. Hewa ililia: fyu!

Mkono wa kulia wa tabibu, bila kutumwa, ulikwenda nyuma ukafunika makalio.

"Rudia," alisema kwa sauti ndogo.

Fyu!

Tabibu alirudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa ukuta. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akaketi juu ya kigoda chake cha magurudumu, kigoda kikatembea naye kupitia mlango uliokuwa wazi hadi kwenye ile mifupa ya plastiki, wakagongana.

"Mwalimu," alisema akijifuta machozi, "fimbo hii naifahamu. Nimeipokea Ijumaa zote za darasa la sita. Hii siyo ya gofu!"

"Fimbo ni fimbo."

"Hapana. Sikiliza. Fimbo ya shule huishia pale ilipokusudiwa. Ikifika, kazi imekwisha, haivuki. Lakini ya gofu lazima iupite mpira, mikono ipande hadi juu ya bega la kushoto, nyonga zigeuke, kifua kitazame kule mpira unakokwenda. Wewe unashusha kwa nguvu zote halafu unafunga breki. Na breki yenyewe ni huu uti wa chini. Umeanza gofu lini?"

"Nilipostaafu. Miaka kumi na moja."

"Miaka kumi na moja unaichapa mipira viboko."

"Mpira usiotaka kwenda mbali unastahili."

"Mwalimu, mpira haujachelewa shule."

Mwalimu Rula hakuzoea kushindwa kwa hoja ndani ya chumba chenye kigoda. Akajinyoosha kadiri alivyoweza, akatafuta mahali pa kurudisha heshima yake, akapaona.

"Hata hivyo, wewe umenyooka. Viboko vile havikwenda bure."

Kicheko cha tabibu kiliisha. Hakukasirika. Alifungua mtoto wa meza, akatoa picha ya eksirei ya zamani iliyoanza kufifia, akaiinua mbele ya dirisha. Uti wa mgongo ulionekana mweupe ndani ya weusi, nao ulikwenda kushoto, ukarudi kulia, kama nyoka anayevuka barabara.

"Huyu ni mimi, nikiwa na miaka kumi na minne. Ulianza kupinda nikiwa na tisa, hakuna aliyejua. Baadaye nikavaa mshipi mgumu miaka mitatu. Mpaka leo haujanyooka wote, nimejifunza tu kuubeba. Ndiyo maana nikasomea migongo." Akairudisha picha mezani taratibu. "Kila uliponiambia nikae wima, Mwalimu, nilikuwa nimekaa wima. Wima yangu ilikuwa inaishia pale."

Mwalimu Rula alifungua kinywa, na neno lililotakiwa hapo lilikuwa moja tu, analijua, amewafundisha wengine kulisema; lakini halikuwa na njia ya kupitia, maana lilikuwa halijawahi kupita.

"Nirudi Jumanne saa ngapi?" aliuliza.

"Saa nne."

Akavaa kofia akaondoka, akasahau mwavuli wake.

Wiki zilizofuata hazikuwa za heshima kwa mtu wa umri wake. Tabibu alimpa zoezi la kulala ubavu, magoti yamekunjwa, mikono miwili imenyooshwa mbele kwa pamoja, kisha mkono wa juu uinuke na kufunguka hadi nyuma, kifua kikiufuata, kama mtu anayefungua kitabu kikubwa. Mwalimu alilifanya kila asubuhi kwenye mkeka sebuleni, mara ishirini kila ubavu, na mkewe akimhesabia huku anachambua mboga.

"Mzee, umefika ukurasa wa ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Mbona hugeuki vizuri? Kitabu kina gundi?"

Kulikuwa na zoezi jingine la kushika ukuta na kuzungusha nyonga. Fundi cherehani wa nyumba ya jirani alichungulia dirishani akamwona Mwalimu Rula, mtu aliyewahi kufukuza bendi kwenye mahafali, akizungusha kiuno peke yake saa mbili asubuhi. Akafunga pazia, na tangu siku hiyo akawa anamsalimia kwa tahadhari.

Maumivu yalipungua. Alifunga kamba za viatu. Aliokota kijiko. Lakini kila aliposhika fimbo uani na kulipiga kopo tupu la maziwa, fimbo ilishuka, ikafika, ikasimama pale pale. Fyu! Kopo lilibonyea. Halikuruka.

"Mwili umefunguka," tabibu alisema siku ya mwisho kabla ya mechi, akimtazama anavyopiga. "Kilichobaki kimefungwa siyo mfupa. Hebu niambie, ukipiga huwa unasema nini moyoni?"

Mwalimu Rula alikohoa.

"Nasema 'kaa' nikiinua. 'Wima' nikishusha."

"Na neno likiisha, mkono unaisha."

"Ndivyo ulivyozoea."

"Tafuta neno lingine basi."

Alijaribu hapo hapo. Akajaribu saba mara nane, lakini jibu lilikuwa refu mno, na mpira wa mazoezi ulishafika ukutani na kurudi yeye akiwa bado kwenye hamsini. Akajaribu ubeti wa wimbo wa kanisani, lakini ulikuwa na pumziko katikati, naye akapumzika kweli, fimbo ikiwa hewani. Tabibu akatikisa kichwa, akamtakia heri, akaenda kumpokea mgonjwa mwingine.

Lakini Mwalimu Rula hakuondoka. Alirudi chumba cha kungojea, akaomba fomu tupu, akaigeuza upande wa nyuma, akachomoa kalamu nyekundu. Aliketi mbele ya ile mifupa karibu saa nzima. Alipiga mistari kwa ukingo wa kitambulisho chake, akaandika, akasoma, akaandika tena. Neno la mwisho lilimchukua dakika kumi na mbili peke yake. Kisha akaikunja fomu mara mbili, akamwachia mwanamke wa mapokezi, akatoka kwa hatua za haraka kama mtu aliyetegua bomu na hana hakika kama limeteguka.

Siku ya mechi Kilo alikuja amevaa kofia ya majani na kubeba maandazi kwenye mfuko wa fimbo.

"Mkwe, karibu tumalize mapema. Mjukuu wangu nimeshamnunulia baiskeli."

"Mjukuu wetu."

"Wetu, ndiyo. Atakaa kwangu tu."

Mashimo manane ya mwanzo yalikwenda kama miaka ile miwili. Kilo hakuwa na ufundi, lakini alikuwa mlegevu wa kuzaliwa, na ulegevu katika gofu ni mali. Fimbo yake ilizunguka tumbo lake kubwa kama mkia wa ng'ombe anayefukuza nzi, na mpira ukaenda. Mwalimu Rula alichapa, akachapa, akawa nyuma kwa mashimo mawili.

Kwenye shimo la tisa, pale pale mgongo ulipomjibu, alisimama juu ya mpira wake. Ulikuwa mdogo, mweupe, umekaa kwenye kijiti chake, na umeegemea kidogo upande. Mwalimu akauona ulivyoegemea. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko ilivyo kawaida, hata Kilo akameza andazi bila kutafuna ili aone kuna nini.

Mwalimu Rula akainua fimbo. Na neno lile lililomchukua dakika kumi na mbili jana yake, ambalo sasa lilikwisha kupita mara moja na kuacha njia wazi, lilitoka lenyewe, kwa kunong'ona.

"Samaha..."

Fimbo iliupata mpira katikati ya neno, na kwa kuwa neno lilikuwa bado halijaisha, mkono nao haukuisha. Ukaendelea, nyonga zikageuka, kifua kikafunguka kama kitabu, na fimbo ikatua juu ya bega la kushoto kwa upole.

"...ni."

Mpira uliruka. Uliruka juu, ukanyooka, ukashuka mahali ambapo mpira wa Mwalimu Rula haukuwahi kufika tangu agusane na mchezo huo.

"Upepo," alisema Kilo.

Haukuwepo. Shimo la tisa likawa la Mwalimu. La kumi Kilo alilipata, la kumi na moja wakagawana, lakini toka hapo mzee yule aliomba radhi katika uwanja mzima: kwenye nyasi ndefu, kando ya bwawa, ndani ya shimo la mchanga ambako aliomba mara tatu. Walipofika shimo la kumi na nane walikuwa sawa kabisa, na Kilo alikuwa ameacha kula.

Mwalimu alianza. Safari hii moyo wake ulikuwa umejaa kitanda kidogo na shuka lisilokunjuliwa, na kwa hiyo neno halikunong'onwa. Lilitoka kwa sauti ya kiwanjani, sauti ya kupanga mistari ya watoto mia tano.

"SAMAHANI!"

Kilo alikuwa ameinama nyuma yake akitafuta kijiti mfukoni mwa begi lake. Amemfahamu mkwe wake miaka tisa. Amemwona akikanyaga mguu wa bwana harusi bila kusema kitu. Aliposikia neno lile aligeuka ghafla aone ni nani mwingine aliyeingia uwanjani, akageuka kabla hajainuka, begi likiwa begani.

Ka!

Mpira ulikuwa bado hewani.

Mwalimu Rula aliteremsha fimbo, akamtazama mkwe wake aliyekuwa amekunjika kama kisu cha mfukoni.

"Mkwe, umedondosha kitu?"

"Ulikuwa unamwambia nani?"

"Mpira."

"Umeukosea nini?"

"Miaka kumi na moja," alisema Mwalimu Rula, na hakufafanua. "Zamu yako. Nitakungoja. Sikimbilii popote."

Kilo hakuwa mtu wa kukata tamaa karibu na mstari wa mwisho. Alitambaa hadi mahali pa kuanzia, akauweka mpira wake chini, akaupiga kwa mkono mmoja akiwa amepiga magoti. Mpira ulikwenda hatua mbili ukakaa. Akautazama mpira, akautazama umbali uliobaki, akalala chali taratibu juu ya majani.

"Nimeshindwa, mkwe. Asiyemaliza ameshindwa, mgonjwa au mzima. Sheria ni yako. Nibebe."

"Sheria inasema mashimo kumi na nane. Mimi bado sijamaliza."

Na kwa kuwa sheria ni sheria, alimwachia kofia ya kumfunika uso, akatembea peke yake hadi mpira wake ulipo, akaupiga mara nne zaidi, kila mara kwa adabu zote, akautumbukiza shimoni, akaandika hesabu kwa kalamu nyekundu, akatia saini. Ndipo akarudi kumbeba mkwe wake kwenye toroli la mtunza bustani.

Tabibu aliwapokea wote wawili bila kuuliza. Alimsaidia Kilo kupanda kitandani, lakini kabla uso wake haujaingia kwenye tundu, macho ya Kilo yalipanda ukutani, kati ya cheti cha tabibu na picha ya uti wa mgongo. Palikuwa na karatasi ndani ya fremu mpya. Maandishi yake yalikuwa mekundu, ya kulala, mazuri kupita kiasi.

"Hebu," alisema Kilo. "Mwandiko huu naujua, umeninyima usingizi kwenye masharti."

"Lala," alisema Mwalimu Rula.

Lakini Kilo alikwisha kuanza kusoma, kwa sauti ya mtu anayenadi maini.

"'Ripoti ya mwanafunzi, darasa la sita. Marekebisho. Mahudhurio: mazuri. Bidii: nzuri sana. Mgongo: mwalimu alikosea. Mwanafunzi huyu hakuwa alama ya kuuliza. Aliyepaswa kuuliza ni mwalimu, naye hakuuliza. Viboko vyote vya Ijumaa vimefutwa katika kitabu, ingawa najua havifutiki mahali vilipopigwa. Samahani.'"

Tabibu alikuwa akirekebisha mto ambao haukuhitaji kurekebishwa. Mwalimu Rula alikuwa amesimama mlangoni akiikagua mifupa ya plastiki, ambayo mtu alikuwa ameitundikia mkononi mwavuli wake.

"Alama ngapi?" aliuliza tabibu mwishowe, bila kugeuka.

"Za nini?"

"Fomu yangu ya kwanza ulinipa kumi na nne kwa ishirini."

"Kumi na tano," alisema Mwalimu Rula. "Mapokezi ni mazuri."

"Vuta pumzi," tabibu akamwambia Kilo.

Ka!

"Mama yangu!" alilia Kilo ndani ya tundu.

Hukumu ya tabibu ilikuwa ziara tatu kwa wiki, kwa wiki sita, bila kuendesha gari wala kukaa safarini muda mrefu. Kilo aliishi mwendo wa saa mbili kutoka hapo. Mwalimu Rula aliishi mtaa wa pili. Mke wa Mwalimu, alipoelezwa habari zote na Kilo mwenyewe, pamoja na ripoti, ambayo Kilo alikuwa ameihifadhi kichwani neno kwa neno, aliketi kwanza.

"Miaka arobaini na moja," alimwambia mumewe, "halafu unaanzia kwa mpira!"

"Nilianzia kwa mwanafunzi."

"Na mimi ni wa ngapi kwenye foleni?"

Mwalimu Rula alifungua kinywa. Njia ilikuwa wazi sasa, ingawa bado nyembamba. Akamwomba. Mkewe akamwambia arudie, hakusikia vizuri. Akarudia. Akamwambia asimame wima arudie mara ya tatu, na hapo Mwalimu akaelewa kwamba anachezewa, akaenda kuchota maji.

Basi ikawa hivi, kwamba Mwalimu Rula alimshinda mkwe wake, akampata mjukuu kwa wiki sita kama alivyotamani, na juu yake akampata na mkwe mwenyewe. Mtoto alikunjua shuka la kitanda kidogo chumba cha mwisho, paka akahamia sebuleni, na sebuleni akamkuta Kilo kwenye godoro, akikoroma kwa namna iliyofanya vyombo kabatini vihame mahali.

Asubuhi ya kwanza walikuwa mezani. Kilo alikuwa sakafuni juu ya mkeka, ubavuni, akifungua kitabu. Mtoto alikula uji kwa utaratibu wake: kiwiko kimoja mezani, bega moja juu, jingine chini, mwili wote umepinda kama alama ya kuuliza.

Mwalimu Rula alimwona. Amri ikapanda kifuani ikafika kwenye meno. Akaifunga. Aliweka kikombe chini, akasimama nyuma ya kiti cha mjukuu wake, akashusha vidole viwili kwenye uti wake mdogo, pingili baada ya pingili, polepole, kama alivyofanyiwa yeye.

"Babu unanitekenya."

"Tulia. Simama kidogo. Inama mbele. Inuka. Geuka huku. Geuka kule."

Mtoto aligeuka, kijiko mdomoni. Bibi aliacha kumimina chai. Hata Kilo aliacha mkono wake hewani, ukurasa haujafunguka.

Mwalimu Rula alikagua mara ya pili kwa hakika, kisha akarudi kwenye kiti chake na kushika kikombe.

"Mgongo huu umenyooka sawasawa," alitangaza. "Hauna kasoro yoyote."

"Kwa hiyo?" aliuliza mtoto.

"Kwa hiyo ni uvivu mtupu. Kaa wima."

Akakaa wima, kwa muda wa kumeza kijiko kimoja.

"Mkwe," Kilo aliita kutoka sakafuni, "mimi nimefika ukurasa wa ngapi?"

"Wa pili," alisema Mwalimu Rula. "Rudia kutoka mwanzo."